Fisi wa soksi

Madrid mwezi wa Agosti haipoi mpaka usiku, na mtoto mdogo huwezi kumtoa nje saa kumi jioni. Mwaka 2018, jioni moja ya joto kama hilo, nilimketisha jikoni mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka mitano. Alikuwa amewasili kutoka Tanga na wazazi wake, na Septemba alitakiwa kuingia shule ya awali ambako mwalimu na wenzake wote wangesema naye Kihispania. Salamu alikuwa keshazijua. Alichokosa ni maneno ya kuomba, ya kukataa na ya kujibu.

Nilichukua soksi kuukuu ya kijivu, nikaishonea vifungo viwili vya macho. Huyo akawa fisi, na sharti lake lilikuwa moja: hajui Kiswahili hata kidogo. Hadithi niliisimulia kwa Kiswahili, lakini kila fisi alipofungua kinywa kilitoka Kihispania, na aliyetaka kuelewana naye ilibidi amfuate huko huko. Sharti hilo halivunjwi. Mtu mzima akijisahau, fisi akajibu "ndiyo" mara moja tu, mtoto hana tena sababu ya kuhangaika.

Mezani kulikuwa na vitu vitano, vyote halisi: kiazi, yai la kuchemsha, mkate, embe na ndizi. Patata, huevo, pan, mango, plátano. Kwa kikao cha robo saa vitano vinatosha. Weka kumi na viwili uone: mtoto atashika cha kwanza na cha mwisho, vya katikati vitamchanganya, nawe utaanza kusahihisha, na hapo mchezo umeshageuka mtihani. Maji niliyaacha makusudi. Agua ni neno la kike lakini katika umoja linatanguliwa na el, na fundo hilo linaweza kusubiri.

Paukwa! Pakawa! Sungura kapika, fisi yuko nje na njaa yake. Toc, toc, fisi anagonga meza. ¿Quién es?, yaani ni nani, anauliza sungura kwa ndani. Tengo hambre, nina njaa, analia fisi huku soksi imejikunja tumboni. Quiero pan, nataka mkate. Sungura anampa: Toma, chukua. Mlango unafungwa, fisi anameza, anarudi kugonga. Ukiisha mkate, sungura anasema No hay, hakuna. Kila raundi linabadilika neno la chakula tu, mengine yote yanarudi yalivyo. Hadithi ya namna hii haihitaji utamu mwingi, kazi yake ni kurudia bila kuchosha.

Mwanzoni mtoto haambiwi aseme chochote. Anasikia, anatafuta kitu mezani, anakitoa. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeeneza kufundisha lugha kwa amri na vitendo tangu miaka ya 1960, alisimamia jambo hilo hilo: mwili uitikie kwanza, kusema kutakuja. Wazazi wengi hapa ndipo wanapokosa subira. "Sema pan! Haya, sema!" Mtoto anasema kwa adabu, kisha neno linampotea, maana halikumpatia hata kipande cha mkate.

Matamshi hayakuwa kazi kubwa. Irabu tano za Kihispania ni kama zetu. Z ya Madrid, ile ya zapato, inatamkwa kama th ya thelathini. J ya jabón iko jirani na kh ya kheri kwa aliyekulia pwani. Ñ ni ny ya nyanya. Kilichotusumbua ni plátano. Mtoto wa Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo patata na huevo yanamkalia sawasawa, ila plátano analivuta likawa "platáno". Tuligonga meza kwa kijiko kwenye "pla", basi. Maandishi sikumwonyesha kabisa: akiiona huevo ataitamka hiyo h, na kwa Wahispania haina sauti.

Tukabadilishana, yeye akawa sungura. ¿Quién es? alilisema bila kuhimizwa, kwani bila swali hilo mlango haufunguki. Ndizi akaitoa, Toma. Fisi akarudi: Quiero huevo.

Akalitazama yai. Mayai anayapenda. Akalificha mgongoni, akanyoosha kiganja kitupu. "¡No hay!"

Fisi akanusa, akazunguka sufuria, akachungulia chini ya meza. ¿No hay? No hay. ¿No hay huevo? "¡No hay huevo!" na yai lilikuwa limeshaanza kupasuka ganda kwa jinsi alivyolibana. Nilikuwa nimepanga kuingiza rangi baada ya hapo, nikaziahirisha. Mtoto akishaanza kukudanganya kwa lugha ngeni, mwache adanganye mpaka achoke.

Baadaye alisema "kiero no pan". Fisi hasahihishi. Anarudia kilicho sawa kama mtu aliyeshtuka, ¿No quieres pan?, hutaki mkate?, na hadithi inaendelea.

Rangi tulizigusa mwisho kabisa, verde (kijani) na azul (buluu) tu, kwa sababu hazibadiliki kwa neno la kike wala la kiume. Rojo, nyekundu, inageuka roja kwa neno la kike, kwa hiyo ilingoja. Si kwamba ingemshinda: anayesema kikapu chekundu na embe jekundu bila kufikiri ameshazoea rangi kufuata jina, ila hapa badiliko limehamia mkiani.

Kisha akavaa soksi mwenyewe, akaenda sebuleni kwa baba yake. Tengo hambre. Quiero helado. Helado, yaani aiskrimu, halikuwa mezani kwangu; sijui alilizoa dukani au kwa watoto wa ghorofa ya chini.

"Dada," kaka akaniita, "huyu anataka nini?"

Nikamwambia amuulize fisi.