Siku moja maishani mwangu: wakili wa kujitegemea, mama wa watoto wawili

Saa kumi na nusu alfajiri. Mdogo ana mwaka na miezi minne na muda huu lazima anyonye, hakosei hata siku moja, nikishamrudisha kulala natoka taratibu nakwenda kwenye meza ya jikoni nafungua faili. Hii saa moja na nusu ndo ofisi yangu hasa, simu hailii, hakuna mtu anayeita mama. Leo nina shauri la mgawanyo wa mali za ndoa na shahidi ni mteja wangu mwenyewe, mama wa makamo (nimebadilisha mambo mawili matatu hapa asije akatambulika), na utetezi wote wa upande wa pili ukiukamua unabaki na maneno matatu: alikuwa nyumbani tu.

Hayo maneno nayachukia kutoka moyoni. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kifungu cha 114 kinataka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, na watu walibishana sana kama kupika na kulea ni kazi mpaka Mahakama ya Rufani ikalimaliza mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, mahakama iliona alishapewa hela na mumewe akazitapanya, ila mlango alioufungua ndo huo tunapita wote hadi leo. Niliisoma chuoni nikafaulu mtihani, lakini kuielewa nimekuja kuielewa nilipopata watoto.

Saa kumi na mbili. Mkubwa yuko darasa la tatu, uji, chapati mbili za jana na yai kwenye kontena lake, tunatafuta soksi, basi linapiga honi kwa mbali halafu naona shati halina kifungo cha juu. Uzi mweupe umeisha. Sindano iliyokuwepo ina uzi mweusi niliorekebishia joho wiki iliyopita, basi nikakishona hivyo hivyo tumesimama getini, kidevu kakiinua juu, natetemeka nisimchome, nikakata uzi kwa meno akakimbia.

Saa moja dada anaingia, namkabidhi mtoto na maziwa niliyokamua jana usiku, yako friji. Hapa niseme kitu kwa wadada wanaoniuliza inbox kama waache ajira. Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za uzazi zenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mmoja, na ukirudi una hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Ukijitegemea hakuna wa kukulipa, usipofanya kazi hula. Kwa huyu mdogo nilirudi mahakamani ana wiki saba, na kabla ya hapo wenzangu wawili walinishikia brifu, yaani walisimama mahakamani badala yangu, bila kunidai hata nauli, sitawasahau. Kwahiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi weka akiba ya miezi sita na uwe na wakili mwenzako unayemwamini na faili lako, hayo mawili nayasema kwa uchungu kabisa.

Lakini kurudi kwenye ajira hapana. Ofisi niliyokuwepo tulikuwa tunakaa hadi saa moja usiku hata kama kazi imeisha saa tisa, kisa bosi hajatoka, na mtoto wangu mkubwa alitembea mara ya kwanza nikaambiwa kwa simu.

Saa moja na robo natoka Tabata, hapa Dar es Salaam, kwa bajaji, mapema, maana foleni ya Buguruni ikifunga imefunga. Naenda Temeke, Kituo Jumuishi, kile cha mambo ya familia, ndoa na mirathi na watoto, kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu jengo moja. Saa tatu na nusu tunaitwa. Namwongoza mteja wangu kwa Kiswahili, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama na kwa mama kama huyu ni jambo kubwa mno, anasikia kila kinachosemwa juu ya ndoa yake. Nikamuuliza, mama, ieleze mahakama siku yako ilivyokuwa. Akaanza na maandazi ya saa kumi alfajiri, ya kuuza dirishani, ndo yaliyolipa ada muhula ambao mshahara wa mumewe ulichelewa, akaenda kwenye watoto, akafika kwa mama mkwe aliyelala kitandani miaka mitatu, jinsi alivyokuwa anamgeuza kila baada ya masaa kadhaa asipate vidonda, na hakupata hata kimoja. Alipotamka hicho "hata kimoja" akanyanyua kidole. Mheshimiwa akaacha kuandika akamwangalia, halafu akaendelea kuandika. Maswali ya dodoso, yale ya wakili wa upande wa pili, yamepangiwa tarehe nyingine.

Saa nane kasoro niko nyumbani nanyonyesha huku nakula wali kwa mkono mmoja. Simu, shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, leo si uko nyumbani? Njoo unipeleke hospitali mara moja nikachukue majibu."

Miaka miwili nyuma ningeenda. Nikamwambia shangazi niko kazini, nitamtuma kaka akutoe hapo saa kumi. Akanyamaza kidogo, akasema haya. Iliniuma, yeye ndo kanilea nilipokuwa sekondari, ila saa tisa nilikuwa na wateja wanne barazani, wawili viapo vya kuthibitisha majina yao, mmoja mkataba wa kiwanja na mwingine hakujua anataka nini alitaka tu kusikilizwa. Viapo nafanya Jumanne na Alhamisi saa tisa hadi kumi na moja, nimebandika getini. Kabla ya lile tangazo walikuwa wanagonga hadi saa mbili usiku, na jirani unaona aibu kumdai hela, sasa nadai na wanalipa.

Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku sishiki simu ya kazi. Homuweki, mchicha, ugali, dagaa. Baba yao yuko shifti ya mchana bandarini wiki hii, akirudi anawaogesha yeye, hilo tulikubaliana na halihitaji kukumbushana.

Saa tatu na nusu narudi mezani. Kuna hoja za maandishi za kesi nyingine, mwisho ni leo, na kinachoniokoa ni zile kanuni za kusajili nyaraka kwa mtandao za 2018, ukituma kabla ya saa sita usiku inahesabika ya siku hiyo. Zamani ilikuwa dirisha la masijala likifungwa basi, mama mwenye mtoto anayenyonya umeshachelewa. Saa tano na dakika kumi nikatuma, namba ya malipo ikaja nikalipa kwa simu hapo hapo, hiyo sisubirishi asubuhi hata kama ni shilingi ngapi.

Nikapita kwenye kapu la nguo nikalitoa shati la shule nilifue kwa mkono likauke na feni. Kifungo kimeshika. Uzi mweupe hata leo sijanunua.