Jinsi nilivyounganisha linia ya valvu bila kuunguza redio

Linia, yaani kikuza-nguvu kinachoongeza wati za redio ya mawasiliano kabla hazijafika antena, niliachiwa na mzee mmoja hapa Jinja, Uganda, aliyechoka kurusha mawimbi. Nzito kama gunia la mahindi. Nilikuwa karibu kuchomeka waya wa kuamrisha, ule unaoiambia linia iwake ninaporusha, moja kwa moja kwenye redio yangu mpya ya wati 100, mkono ukasita. Nikachukua mita, nikapima tundu la rilei (swichi inayovutwa kwa umeme) nyuma ya linia: volti 118 za DC! Kitabu cha redio kinasema tundu lake lisizidi volti 16. Transista ya ndani ingekufa kabla sijamaliza kutaja 5X, mwanzo wa alama za redio za Uganda, na herufi zangu.

Dawa yake ilikuwa rilei ndogo ya volti 12 katikati. Redio inaiwasha koili tu, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei. Miguu ya rilei ndiyo inayofunga waya wa linia, na volti 118 hazigusi redio kabisa. Kwenye ncha mbili za koili nikachomelea dayodi 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake mweupe ukielekea chanya. Usiiruke hii: koili ikizimwa hurudisha mkupuo wa umeme, na ni transista ileile itakayoupokea.

ALC, waya ambao linia huutumia kuipunguzia redio nguvu, sikuiunganisha. Kifuniko cha linia sikukigusa pia, ndani mna zaidi ya volti 2,000 na kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa plagi.

Nikaweka mzigo bandia, kinzani inayomeza nguvu bila kurusha, badala ya antena, nikashusha redio hadi wati 20, nikabonyeza maiki. Tik! Kisha tak kubwa ya linia. Jioni hiyo nikapandisha hadi wati 60, redio ikabaki baridi.