Marahaba ya ukurasa wa 41

Usihangaike kuitafuta filamu ninayoisimulia hapa. Haikupigwa. Januari 2008 studio iliyoinunua skripti ilivunja mkataba, kama studio kadhaa zilivyofanya mwezi ule kwa kutumia kifungu cha dharura, na karatasi zikabaki karatasi. Nakala yangu ninayo hadi leo. Kurasa 108, matundu matatu pembeni, na pini mbili tu za shaba, ya juu na ya chini. Tundu la katikati huachwa wazi. Ndiyo desturi ya Hollywood. Nilipouliza sababu niliambiwa tu kwamba anayeweka pini tatu hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

Mgeni nilikuwa mimi. Mwaka 2007 nilikuwa nasoma chuo Los Angeles, naishi Koreatown chumba kimoja na dada wa Mombasa aliyekuwa akisuka nywele. Mteja wake mmoja alikuwa karani wa prodyuza fulani, na prodyuza huyo alikuwa anatafuta mtu wa Kiswahili. Dada akanitaja mimi badala ya kujitaja yeye. "Nyie wa Tanga mna maneno mengi," alisema. Kazi yenyewe ilikuwa kusahihisha mistari kumi na tisa ndani ya skripti ya kijana anayerudi kwao pwani ya Tanzania baada ya miaka kumi na miwili Marekani. Malipo yalikuwa mazuri kiasi kwamba niliona haya kuyataja mara mbili.

Bwana yule alikuwa ameshapita sabini. Aliniomba nimwite kwa jina lake, kama wanavyoitana kule hata mzee na kijana. Ulimi ukagoma. Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, na tangu hapo mkewe naye akawa anamwita Mzee, kwa matamshi ya ajabu.

Alianza na tamthilia za polisi za televisheni, akahamia filamu, lakini fedha iliyojenga nyumba ile haikutoka kwenye filamu zenye jina lake. Ilitoka kwenye skripti za watu wengine. Studio ikiona kazi imekwama wiki chache kabla ya kupiga picha, inamwita mtu kama yeye, anaitengeneza, analipwa, anaondoka bila jina. Uprodyuza aliuingia ukubwani, baada ya kuondolewa kwenye skripti aliyoianzisha mwenyewe. "Mwandishi hufukuzwa kwa simu," aliniambia. "Prodyuza ndiye mwenye simu."

Bango la filamu hiyo aliyoondolewa alikuwa amelitundika kwenye ukumbi mwembamba wa kuendea chooni. Mimi ningelichoma. Yeye alilitumia kunifundishia. Pale chini kulikuwa na majina matatu ya waandishi, mawili ya kwanza yameunganishwa kwa alama ya &, la tatu kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "na". Nilidhani ni mapambo ya mchoraji. Kumbe alama ile husema kwamba hawa wawili waliandika pamoja, timu moja. Neno lile husema kwamba huyu mwingine alifanya kazi yake peke yake, mara nyingi kwa kuandika upya kilichokwisha kuandikwa. Watu wakigombania majina hayo, chama cha waandishi hukabidhi rasimu zote kwa waandishi wenzao watatu wasiojuana, majina yakiwa yamefichwa, mmoja akiitwa A, mwingine B. Hao husoma na kupima. Skripti ikiwa ni ya kubuni tangu mwanzo, anayekuja nyuma hupata jina la skripti pale tu mchango wake unapofika nusu. Mzee alikuwa A. Kilichomuuma si kwamba walipima vibaya. "Walipima sawasawa," alisema. "Wakati ule sikuwa nimeandika vizuri."

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa Jumatano, tarehe 31 Oktoba. Moto wa porini ulikuwa umeiunguza California ya kusini tangu siku kumi nyuma, na upepo ulipogeuka ulisikia harufu ya majivu hata mjini. Nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Universal City, mkewe akanichukua kwa gari. Watoto wa mtaa walikuwa wamevaa mifupa na mabawa, wanagonga milango kuomba pipi. Mama yule aliketi mlangoni na bakuli kubwa mapajani, kama mama muuza karanga, nasi tukaingia ndani.

Haraka ilikuwa hii: mkataba kati ya chama cha waandishi na studio ulikuwa unakwisha saa sita usiku ule. Mgomo ulikuwa unanukia na hakuna aliyejua utaanza siku gani, kwa hiyo mji mzima ulikuwa unamalizia skripti. Ugomvi ulikuwa malipo ya marudio, yaani fedha anayopata mwandishi kila kazi yake inapouzwa au kuonyeshwa tena. Kwa kila DVD iliyouzwa mwandishi alipata kama senti nne, na kwa intaneti, ambako kila mtu aliona biashara inakoelekea, hakuna kilichokuwa kimewekwa sawa. Malipo hayo yalikuwa yakija kwa posta ndani ya bahasha za kijani. Mzee alinifungulia moja iliyofika siku ile. Hundi haikufika dola moja. Aliirudisha ndani kwa heshima, akaiweka juu ya nyingine.

Alikuwa ameuona mgomo wa 1988, miezi mitano, na safari hii alikuwa na tatizo jipya. Siku ya mgomo yule mwandishi lazima aweke kalamu chini, lakini prodyuza bado anaruhusiwa kupokea simu. Na wote wawili wanalala kitanda kimoja, alisema.

Tulianza na muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam. Kwenye skripti alimwambia kijana: "Karibu sana, mgeni wangu mpendwa." Nikacheka mpaka nikaomba radhi. Mzee akataka kujua mama wa Feri angesema nini. Nikamwambia angesema, "Sogea huku, utaloa."

"Anamfukuza?"

"Hamfukuzi. Anamkaribisha."

Alinitazama kidogo, akaandika. Mistari mingine tuliipitia upesi, hapa kiambishi kimekosewa, pale mtoto anamwambia bibi yake "Jambo" kama mtalii. Ilipofika saa tatu usiku tukawa ukurasa wa 41.

Kijana amefika nyumbani. Baba yake, mvuvi, ameketi barazani anashona wavu. Kijana anasema: "Jambo, baba. Nimerudi nyumbani." Baba anajibu: "Karibu, mwanangu, lakini nimekasirika sana na wewe." Kisha ukurasa mzima wa kulaumiana kwa Kiingereza, mazishi ya mama yakitajwa, fedha zikitajwa, machozi.

Safari hii sikucheka. Nikamwambia baba wa kwetu hamtangazii mwanawe kwamba amekasirika. Mwana atasema shikamoo, baba atajibu marahaba.

"Na kama amekasirika?"

Nikamkumbuka babu yangu na baba mdogo, mwaka ule alipouza minazi ya urithi bila kuuliza mtu. Mwezi mzima wa Ramadhani. Kila magharibi, watu wameketi mkekani, tende mkononi, baba mdogo anapita mlangoni na shikamoo yake, na babu anamwomba mtu maji.

"Hajibu," nikasema.

"Hajibu kabisa?"

"Hajibu. Na aliyesalimia hawezi kukaa wala kuondoka. Anabaki pale pale."

"Anarudia?"

"Anarudia. Mara ya pili sauti inakuwa ndogo."

Mzee akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akakibonyeza bila kukiachia. Niliangalia maneno yakiliwa kutoka chini kwenda juu. Mazishi yakaondoka, fedha zikaondoka, machozi yakaondoka. Nilipata hofu, nikadhani nimemharibia kazi ya miaka. Alipoachia, yalibaki haya: kijana anasema shikamoo. Baba anaendelea kushona wavu. Kijana anasema tena shikamoo. Uzi unakatika, baba anautafuta mwingine.

Huo uzi uliokatika ni wake, mimi sikuusema. Niliuona ukitoka kichwani mwake ukaingia kwenye kioo, na kama kuna dakika niliyoiona kazi ya mtu yule ilivyo, ni hiyo.

Kisha mwandishi akaondoka na prodyuza akaingia. Huko ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kama dakika moja ya filamu, na wanaopanga ratiba ya kupiga picha huukata kila ukurasa vipande vinane, kwa sababu kila kipande ni saa za watu, taa na chakula. Alihesabu kwa vidole: sini, yaani tukio lile la barazani, ilikuwa ukurasa mmoja na vipande viwili, sasa imebaki vipande vitatu. "Siku nusu nimeokoa," alisema, macho yakimwaka. Nikamwambia sisi tuna neno la kipande hicho, thumuni, na bibi yangu alikuwa akiiita hivyo hata sarafu ya senti hamsini. Aliliandika kwenye kadi akaibandika ukutani katikati ya kadi za sini. THUMUNI.

Tukagombana kidogo juu ya tafsiri. Aliniuliza shikamoo kwa Kiingereza ni nini. Nikamwambia watu husema ni "nashika miguu yako". Akakunja uso. "Hapana maandishi chini ya picha," akaamua. "Waache waone."

Saa sita kasoro dakika kumi na moja aliituma kwa barua pepe. Nilitegemea atashangilia. Alikwenda kumpokea mkewe bakuli, lililokuwa limebaki pipi za mnanaa tu ambazo watoto hawazitaki, tukazila sisi. Wakati ananitafutia koti aliniambia jambo moja kwa sauti ya kawaida: mgomo ukianza, asiye mwanachama akikubali kuandika, chama hicho hakitampokea tena. Nikamjibu mimi nasomea uhasibu.

Mgomo ulianza Jumatatu, tarehe 5 Novemba, ukadumu siku mia moja. Katika juma la pili nilipigiwa simu na kijana mmoja wa ile studio, mpole, mwenye haraka. Alikuwa amepata namba yangu kwenye risiti.

"Ukurasa wa 41," alisema. "Kuna mahali mtu anasalimiwa mara mbili na hajibu. Mlisahau kuandika?"

"Hatukusahau."

"Basi tunaomba baba aseme kitu. Kifupi tu. Kwa Kiswahili, hatutamsumbua mtu." Kisha akataja fedha. Ilikuwa kodi yangu ya mwezi mmoja, na mwezi huo nilikuwa sijailipa.

Nikamwambia amuulize aliyeandika. Akasema aliyeandika yuko kwenye mgomo. Nikamwambia basi amuulize prodyuza. Akanyamaza, akijua kama nilivyojua kwamba ni mtu yule yule. "Wewe unasemaje?" akauliza.

Siku mbili baadaye nilimkuta Mzee barabara ya Melrose, amevaa fulana nyekundu ya chama kama wenzake, bango begani, anazunguka mbele ya lango la studio taratibu kwa sababu ya goti. Nikatembea naye. Nikamsimulia ile simu tangu mwanzo, na nilipofika kwenye "mlisahau kuandika" ilibidi asimame ashike uzio kwa kicheko, waliokuwa nyuma yake wakatupita.

"Fedha walitaja?"

Nikamwambia kiasi gani. Hakucheka tena. Alihamisha bango bega la pili.

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu."