Freretown siyo Free Town: safari ya ukoo wa Frere mpaka Kengeleni

Wiki mbili zilizopita aliingia mzee mmoja hapa saiba, duka langu la kutaipu na kuchapa hapa Freretown, Mombasa, jirani yetu wa mtaa wa nyuma, nikamwamkia shikamoo akaitika marahaba mwanangu, akaketi akatoa karatasi aliyotaka nimtaipie, barua ya kupeleka kwa chifu. Nikaanza. Nilipofika kwenye anwani nikaandika Freretown, yeye yuwaangalia kwenye skrini, akanishika mkono akasema la, hapo umekosea, hiyo ni Free, mji wa watu huru, babu zetu walishushwa hapa wakaachwa huru, andika Free. Nikamwambia mzee jina la serikali ndilo hili. Akasema basi serikali imekosea tangu zamani.

Mwishowe alikubali niandike vile vya serikali lakini shingo upande, akalipa akaenda zake. Mimi nikabaki na lile neno lake. Kwa sababu hili jina nalitaipu kila siku, kwenye CV, kwenye fomu za basari, kwenye makubaliano ya nyumba, na kila mteja huja na lake, huyu Fretown, huyu Freetown, yule Furitauni, kuna mama mmoja aliandika Fritauni kwa kalamu nyekundu vizuri kabisa. Na barabarani hata halitajwi, ukishavuka daraja la Nyali konda anaita Kengeleni, Kengeleni wa kushuka, kwa sababu ya ile kengele iliyotundikwa pale kwenye nguzo zake, ambayo wazee husema ilikuwa ikipigwa majahazi ya watumwa yakionekana baharini. Sasa Frere ni nini? Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, na sikuwahi kuuliza.

Basi nikaanza kutafuta usiku nikishafunga duka, na nikaona niandike yote hapa kwa sababu wengi wetu huku Kisauni tunaishi ndani ya jina la ukoo wa watu bila kujua ni watu gani.

Mzee ana haki nusu. Mji ulianzishwa 1875 na wamishonari wa CMS, chama cha kimishonari cha Kanisa la Anglikana, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, huo uhuru ni kweli. Lakini jina ni la mtu, Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja 1873 kumshinikiza Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, afunge biashara ya watumwa. Frere mwenyewe hakuupata huo mkataba, alirudi kwao mikono mitupu, ukaja kutiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873 balozi John Kirk alipokuja na vitisho vya manowari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Padri William Salter Price alipokuja kuujenga mji huku bara ya Kisauni, akaupa jina la Frere.

Na huyo Frere ukoo wake si ukoo wa kila mahali. Uingereza akina Smith ni zaidi ya 500,000, huwezi kujua Smith huyu ametoka wapi. Frere ni jina adimu, na jina adimu lina faida hiyo, linakupeleka mpaka mlangoni.

Kwanza maana yake, hapa ndipo niliposimama nikaenda kupika chai. Frere ni neno la Kifaransa cha zamani, waliloingia nalo Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa, baada ya kuiteka Uingereza 1066, na maana yake ni ndugu. Ndugu hivi hivi, kama tunavyosema sisi. Baadaye likatumika kwa watawa wa kiume, kwa sababu watawa huitana ndugu, Wadominiko walifika Uingereza 1221 na Wafransisko 1224, na watu wakawaita hivyo. Mtawa haoi, kwa hivyo jina halikuwa likirithiwa kutoka kwake, mara nyingi lilikuwa jina la utani, mtu mcha Mungu kupita kiasi au aliyefanya kazi kwenye nyumba ya watawa anaitwa ndugu, watoto wake wakabaki nalo. Kwa hivyo Freretown ukiifasiri neno kwa neno ni Mji wa Ndugu. Miaka yote hii tunashuka Mji wa Ndugu.

Pili matamshi. Waingereza wenyewe Frere wanaitamka Fria! Kwa hivyo yule mama wa kalamu nyekundu aliyeandika Fritauni sikio lake lilikuwa limemwambia kweli kuliko mimi na tahajia yangu.

Na tahajia yenyewe isiwashughulishe sana. Uingereza makanisa yaliamriwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na mazishi kuanzia 1538, na aliyekuwa akiandika aliandika alivyosikia, mwenye jina mara nyingi hajui kusoma, hawezi kumrekebisha. Jina moja likazaa Frere, Freer, Frear, Friar, Fryer. Ndiyo kazi yangu mimi hii, mteja anataja, mimi naandika, na nikikosea leo kwenye cheti mjukuu wake atakuwa ukoo mwingine. Tangu nisome hilo kila jina namrudishia mteja herufi kwa herufi, hata kama foleni imefika nje.

Sasa huku kwetu mambo ni mengine kidogo, jina la mwisho kwenye kitambulisho ni la babu, kwa mtoto wangu litakuwa la baba yangu, linahama kila kizazi. Kinachofanana na jina la ukoo la Kiingereza ni nisba, lile jina linaloonyesha ukoo au asili ya mtu. Chukua Mazrui. Sultani Seyyid Said alipowaangusha Mamazrui waliokuwa wakitawala hapa Mombasa 1837, waliobaki wakatawanyika, wengine Takaungu kaskazini, wengine Gazi kusini. Mpaka leo ukikutana na Mazrui wa Gazi au wa Takaungu unajua lile jina lilipita njia gani na kwa nini, hata bila kusoma kitabu. Ramani ya ukoo ni historia ya watu kukimbia, kuoa, kutafuta riziki. Waingereza nao wana ramani hizo, nyingi zimechorwa kutokana na sensa ya 1881 kwa sababu ilinakiliwa yote jina kwa jina, unaona ukoo ulipojazana kabla treni na magari hayajamtoa kila mtu kwao.

Hawa Frere tunaowazungumza, kwao ni mashariki ya Uingereza, mpakani mwa Norfolk na Suffolk, mto Waveney ndio mpaka wenyewe. Roydon iko upande wa Norfolk karibu na mji wa Diss, Finningham upande wa Suffolk, na Hoxne pia upande wa Suffolk, mashariki ya Diss. Kutoka kijiji kimoja hadi kingine ni mwendo kama wa Kengeleni hadi Mtwapa. Eneo dogo hivyo, la mashamba na udongo wa matofali.

Na ni hapo kwenye udongo wa matofali ndipo ilipotokea hadithi ninayoipenda kuliko zote. Kulikuwa na John Frere, aliyezaliwa 1740, mtu wa mali na wa kusoma, hesabu alizisoma Cambridge akawa wa pili mwaka wake. Mwaka 1797 akaandika barua kwa chama cha wanahistoria wa vitu vya kale London, kwamba pale Hoxne wachimba udongo wanatoa mawe chini kama futi 12, mawe yaliyochongwa, yana ncha na makali pande mbili, na wale wafanyakazi walikuwa wakiyamwaga kwa kapu kujazia mashimo ya barabara. Yeye akayashika akayageuza akaona mkono wa mtu. Akaandika kwamba ni silaha za watu wasiokuwa na chuma, na kwamba kina yalipokutwa kinatupeleka kwenye zama za mbali sana, hata kabla ya dunia hii tuijuayo. Fikirieni mwaka wenyewe, wakati Ulaya watu wengi waliamini dunia haina zaidi ya miaka elfu sita. Barua ikachapishwa 1800 na hakuna aliyeishughulikia kwa karibu miaka 60. Alifariki 1807 bila kujua kwamba alikuwa amesema kweli.

Ukoo ukaanza kutoka kijijini. Mtoto wake John Hookham Frere akawa balozi na mshairi, akamalizia maisha Malta. Mtoto mwengine, Edward, akaenda Wales kwenye kiwanda cha chuma cha Clydach, na huko ndiko akazaliwa Bartle 1815, huyu wa kwetu. Bartle akapelekwa India akiwa kijana, akapanda cheo mpaka gavana wa Bombay 1862 hadi 1867, na kutoka hapo jina likaanza kubandikwa kwenye ramani za watu. Karachi kuna Frere Hall, jengo la mawe la 1865 na bustani yake. Australia mlima mrefu kuliko yote Queensland, zaidi ya mita 1,600, unaitwa Bartle Frere. Afrika Kusini kuna kimji cha Frere kule KwaZulu-Natal.

Na huko Afrika Kusini sitamficha. Mtu huyu huyu aliyekuja kwetu kupinga utumwa, alipofanywa mkuu wa Waingereza huko 1877, ndiye aliyempelekea mfalme Cetshwayo wa Wazulu masharti yasiyowezekana kutekelezwa, Januari 1879 majeshi yakaingia Uzuluni, watu wakafa kwa maelfu. Serikali yake mwenyewe ilimkemea, na 1880 wakamwita arudi. Hayo yote yamo ndani ya jina tunaloandika kwenye fomu ya basari.

Kuna lingine lililonikosesha usingizi. Barbados, kisiwa cha mashamba ya miwa, wilaya ya Christ Church, kuna mahali panaitwa Frere Pilgrim. Huko akina Frere walikuwa wenye mashamba, na mashamba ya miwa yalilimwa na Waafrika waliotumikishwa kwa nguvu. Jina moja, upande huu wa bahari ni mlango wa waliotoka kwenye minyororo, upande ule ni mwenye minyororo.

Ngojeni, kuna la furaha pia. Mary Leakey mnamjua, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeishi hapa Kenya, aliyekuta fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Olduvai, Tanzania, Julai 1959, na ndiye aliyesimamia uchimbaji wa nyayo za kale za Laetoli, huko huko Tanzania, baada ya kuonekana 1978. Mama yake mzazi alizaliwa Frere! Ni kizazi cha yule yule John Frere wa shimo la matofali. Yaani yale mawe aliyoyashika mzee wao Hoxne, Mary na mumewe Louis walikuja kuyakuta Olorgesailie, njia ya Magadi, shoka za mawe zimetapakaa chini kama makokoto, umbo lile lile la chozi, na nyingi ni za kale kuliko zile za Suffolk. Jina la ukoo hufuata wanaume ndiyo maana kwenye ramani Mary haonekani, ni Nicol kwa baba na Leakey kwa mume, na hapo ujue ramani za ukoo zinaacha nusu ya watu nje.

Lakini sasa nirudi kwa mzee wangu na babu zake walioshushwa hapa. Nimemfuata Frere kutoka shimo la udongo mpaka kilele cha mlima, kila hatua imeandikwa. Wale walioshuka hapa Kisauni je? Wengi walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, na wengine walikuwa wamelelewa kwanza India, kule Nasik, ndio walioitwa Waafrika wa Bombay. Walipobatizwa wakapewa majina. William Jones, Myao. Ishmael Semler. Matthew Wellington, mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani, aliishi hapa na akafariki Mombasa 1935, naye kwao aliitwa Chengwimbe. Ukichora leo ramani ya Jones au Wellington itakupeleka Uingereza, na hawa hawakutoka Uingereza. Chengwimbe ndilo lingekupeleka kwao.

Juzi mzee alipita tena kuchukua kopi. Nikamweleza yote, ya ndugu, ya Suffolk, ya mawe, akasikiliza kimya, kahawa yake ikapoa. Akasema sawa, si Free, nimekubali. Halafu akasema bibi mzaa babu alikuwa na jina la kwao kabla ya hili la kanisani, alilisikia mara moja tu kwa babu yake akiwa mdogo. Nikafungua ukurasa mpya. Akalitaja, nikaandika, nikamgeuzia skrini. Akasema hapana, mwanzoni kuna sauti kama ng'. Nikafuta, nikaandika tena. Akalisoma polepole kwa mdomo, mara tatu, akaniambia nimchapie kwa herufi kubwa.

Nimefungua faili. Wenye wazee majumbani hapa Kengeleni, Kisauni, mpaka Rabai, waulizeni wiki hii, mje mnitajie, na kuchapa sitawatoza.