Mzinga wa nchi kavu ukipandishwa melini

Anayesafiri kutoka Itungi kwenda Mbamba Bay wakati upepo wa kusini umekaza anajua Ziwa Nyasa linavyoiyumbisha meli. Mzinga wa jeshi la nchi kavu haukuundwa kwa hali hiyo. Umeundwa kwa kutegemea kwamba chini yake pana ardhi imara. Ukiupandisha melini, mtutu unaweza kuuchukua kama ulivyo. Kazi kubwa iko kwenye kuziba pengo la ardhi uliyoiacha ufukweni.

Tuanze na teke, maana ndilo linalovunja vyombo. Mzinga wa Marekani wa milimita 105, M101, hurusha kombora la kilo 15 hivi kwa kasi inayofikia mita 470 kwa sekunde, na msukumo huohuo hurudi nyuma. Mtutu huteleza kama mita moja juu ya kitanda chake. Mafuta yaliyomo kwenye silinda hulazimishwa kupita kwenye tundu dogo, hapo nguvu nyingi huliwa, kisha gesi iliyobanwa huusukuma mtutu mbele tena. Nguvu iliyobaki hushuka kwenye miguu miwili ya nyuma hadi kwenye majembe yaliyojichimbia udongoni. Sitaha haina udongo. Ukiufunga mzinga kwa minyororo pamoja na magurudumu yake, kombora la kwanza litailegeza minyororo, na kabla ya la pili itabidi uanze kulenga upya.

Kwa hiyo magurudumu, miguu na majembe hubaki ufukweni. Unachukua mtutu, kitanda chake na mfumo wa kupokea teke, unaviweka juu ya kitako cha chuma chenye pete ya kuzungukia. Kosa la kawaida ni kukifunga kitako kwenye bamba la sitaha na kuishia hapo. Bamba hilo ni jembamba: litabonyea, ribiti zitalegea, na nyufa zitaanzia kwenye pembe za mlango wa ngama (chumba cha mizigo) ulio karibu. Chini ya sitaha lazima pawe na nguzo zinazoupeleka mzigo kwenye mataruma (mbavu za chombo) na mkuku (uti wake wa chini), ili chombo kizima kilipokee teke. Kwa boti ndogo hata hilo halitoshi ukipiga ubavuni. Boti mbili za Waingereza za urefu wa mita 12 kwenye Ziwa Tanganyika, zilizoitwa Mimi na Toutou, zilikuwa na mzinga wa ratili 3 (uzito wa kombora lake) pale omo, yaani mbele, na ilibidi zipige kuelekea mbele tu, maana kupiga kwa pembe kungezivunja.

Ziwa hilohilo lina mfano ulio karibu kabisa na mada yetu. Boti ya Kijerumani Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915, ikapewa jina la Fifi, na omo ikawekewa mzinga wa ratili 12 uliokuwa umetengwa kulinda bandari kutokea ufukweni. Tarehe 9 Februari 1916 ilipoifukuza Hedwig von Wissmann, teke la mzinga huo liliikatisha mwendo, na Hedwig ikapata nafasi ya kuongeza umbali. Hatimaye Hedwig ilizamishwa, lakini kwa fundi somo liko wazi: mzinga uliofaa ufukweni ulikuwa mkubwa mno kwa boti ile. Tena uzito wenyewe ukiwa juu na mbele huizamisha omo na kupunguza uthabiti, hivyo shehena ya kusawazisha lazima ihesabiwe kabla ya kuchomelea chochote.

Jambo lisilotajwa sana ni mizani ya mtutu. Mizinga mingi ya nchi kavu imeshikiliwa karibu na kitako cha mtutu (mwisho wake wa nyuma), ili kitako kisigonge ardhi mdomo unapoinuliwa. Uzito wa mbele hubebwa na springi zilizopimwa kwa mzinga uliotulia. Chombo kikipanda na kushuka, mpini wa kuinulia huwa mzito ghafla, kisha mwepesi ghafla, na meno ya gia huliwa mapema.

Kulenga nako hubadilika. Kosa la digrii 1 kulia au kushoto ni mita 87 kwa umbali wa kilomita 5, na meli huyumba zaidi ya hapo hata siku ya utulivu. Ama uwe na jairo (kifaa cha kuhisi myumbo) inayoushika mtutu, ama mpigaji asubiri sitaha ipite usawa. Wamarekani kwenye mto Mekong, Vietnam, mwaka 1967 walichagua njia ya tatu: waliweka mizinga miwili ya milimita 105 juu ya tishari, wakaliegesha na kulifunga kwenye ukingo wa mto kabla ya kupiga. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya busara kuliko zote kwa mtoni, kwa sababu inairudisha ardhi. Wasovieti waliweka minara ya mizinga ya kifaru T-34 kwenye boti zao za mtoni. Ulinzi wa chuma ulikuwa mzuri, ila mzinga wa kifaru hauinuki sana, na ukingo ukiwa mrefu shabaha iliyo juu haifikiki.

Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ni ya maji baridi. Baharini kuna chumvi, na chumvi huingia kwenye beringi za pete, kwenye nyaya na kwenye sili za silinda za mafuta. Mwaka 2002 Wajerumani waliujaribu mnara wa PzH 2000, mzinga wa nchi kavu unaojiendesha wa milimita 155, juu ya manowari Hamburg. Ugumu wa kuukinga na kutu ulichangia mpango kuachwa, na manowari zao za aina ya F125 zikapewa mzinga wa milimita 127 uliozaliwa wa baharini.

Baada ya kufunga, makombora ya kwanza hupigwa kwa baruti ndogo, mzinga ukielekezwa mbele. Kila baada ya kombora mtu hushuka chini ya sitaha na taa: anakagua boliti, rangi iliyopasuka kwenye viungo vya kuchomelea, na maji yanayochuruzika kwenye mataruma. Vizuizi vya pete navyo hujaribiwa bila kombora, mzinga ukizungushwa hadi mwisho pande zote mbili, kuhakikisha mdomo hauwezi kuelekea chumba cha nahodha.