Mchuzi, Mvinyo na Maneno: Siku Tatu Franschhoek

Nyumbani kwetu Dodoma, zabibu zikishakamuliwa huitwa mchuzi. Mkulima huuza mchuzi, huhesabu mapipa ya mchuzi na husubiri malipo ya mchuzi; neno mvinyo huanza kutumika pale tu kinywaji hicho kinapotiwa katika chupa yenye lebo, mara nyingi mbali na shamba na mbali na aliyelilima. Baba yangu amepogoa mizabibu tangu kabla sijazaliwa, na neno hilo la mchuzi ndilo nililosafiri nalo mwezi Mei nilipokwenda Afrika Kusini kuhudhuria Tamasha la Fasihi la Franschhoek, ambalo tangu mwaka 2007 huwakusanya waandishi na wasomaji kuanzia Ijumaa hadi Jumapili katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka Cape Town.

Mji wenyewe una barabara kuu moja, na vikao vya saa moja moja hufanyika katika kumbi na makanisa yaliyo karibu kiasi kwamba mtu hutoka kusikiliza mazungumzo kuhusu riwaya, akala mkate na jibini akiwa amesimama, akaingia kwenye mazungumzo mengine kabla kengele haijalia. Milima imelizingira bonde pande tatu. Mwezi huo majani ya mizabibu hugeuka rangi ya kutu na ya dhahabu kisha hupukutika, kwa sababu mavuno yao huja mara moja tu kwa mwaka, kati ya Januari na Aprili, na baada ya hapo mzabibu hulala kwa baridi. Nilisimama kwa muda mrefu kando ya uzio mmoja nikiitazama mistari hiyo, maana sijawahi kuona mzabibu uliolala. Wa Dodoma haulali. Ni mkasi wa mpogoaji unaouambia lini upumzike na lini uchipue, na ndiyo maana sisi huvuna mara mbili kwa mwaka.

Jumamosi asubuhi nilihudhuria kikao cha kuonja mvinyo. Tulimiminiwa Chenin blanc, aina ya zabibu nyeupe ambayo wenyeji wa Rasi, yaani eneo la Cape, waliiita Steen kwa muda mrefu, nami nikashtuka kwa furaha, kwa kuwa ni aina ile ile inayolimwa Dodoma pamoja na Makutupora nyekundu. Mwongozaji alituomba tuseme tunachokionja, na watu wakaanza kutaja: tofaa bichi, asali, nyasi kavu, jiwe lililonyeshewa. Walisema bila kusita, kama watu waliofundishwa tangu zamani kwamba ulimi una haki ya kuwa na msamiati wake. Niliandika daftarini ya kwangu kwa Kiswahili: ubuyu uliolowekwa, embe ambalo halijaiva sawasawa, na mwishoni kabisa asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulifikiria kwa miaka yote niliyokaa shambani: mvinyo wa bonde lile umefika mbali si kwa sababu ya udongo na hali ya hewa peke yake, bali kwa sababu umeandikwa. Tarehe 2 Februari 1659 Jan van Riebeeck, kamanda wa kituo cha Waholanzi pale Rasi, aliandika katika shajara yake kwamba siku hiyo mvinyo ulikamuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na zabibu za Rasi. Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, wapo wazee wanaoukumbuka wakati huo kwa macho yao, na habari zao nyingi bado zimo vichwani mwao.

Hata hivyo, kuandikwa kuna upande wake wa kuumiza. Jina Franschhoek ni la Kiholanzi, maana yake kona ya Wafaransa, kwa ajili ya Wahugenoti waliokimbia mateso ya kidini Ufaransa na kufika Rasi kuanzia mwaka 1688. Wana makumbusho yao na mnara wao mkubwa mwishoni mwa barabara, na majina ya koo zao yamo kwenye lebo za chupa. Waliochimba mitaro, waliobeba vikapu na waliosimama mbele ya majiko kwa karibu karne mbili walikuwa watumwa walioletwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia, hadi walipoachiwa huru kati ya mwaka 1834 na 1838. Majina yao ni vigumu kuyakuta kwenye lebo.

Lakini nilikuta maneno yao kwenye sahani. Katika chakula cha mchana nililetewa nyama ya kusaga iliyookwa na yai juu yake, iitwayo bobotie, na kando yake kibakuli cha atjar. Nilionja, nikajikuta nimesema kwa sauti: achari! Mama aliyekuwa akihudumu, ambaye nyumbani huzungumza Kiafrikana, lugha iliyotokana na Kiholanzi, alicheka na kunitajia mengine: samoosa, breyani, roti. Nikamjibu: sambusa, biriani. Bahari ya Hindi ilikuwa imetugawia msamiati mmoja wa jikoni kabla hatujakutana. Inafaa kusema pia kwamba Kiafrikana, ambacho wengi hukihesabu kuwa lugha ya wazungu, kiliandikwa mapema kwa herufi za Kiarabu katika madrasa za Cape Town. Mwalimu aliyetumwa na dola ya Osmani, Abu Bakr Effendi, alitunga kwa namna hiyo kitabu cha mafundisho ya dini kilichochapishwa Istanbul mwaka 1877. Msomaji yeyote anayejua jinsi tenzi zetu zilivyohifadhiwa kwa herufi hizo hizo ataelewa kwa nini habari hiyo ilinigusa kuliko mnara wowote.

Mchana huo yalizungumzwa pia mambo ya mashambani, nami nashukuru kwamba hayakufichwa. Kwa vizazi vingi vibarua wa mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu ulioitwa dop, ambao sheria iliupiga marufuku katika miaka ya 1960 lakini ukaendelea mashambani kwa muda mrefu baadaye. Jimbo la Western Cape hadi leo lina baadhi ya viwango vya juu kabisa vilivyorekodiwa duniani vya watoto wanaozaliwa wakiwa wamedhuriwa na pombe tumboni. Sikuweza kuinua bilauri yangu tena bila kulifikiria hilo, na nadhani ni haki kulifikiria. Tamasha lenyewe limewahi kuambiwa ukweli wake: mwaka 2015 mwandishi Thando Mgqolozana alitangaza pale pale tamashani kwamba anajiondoa katika matamasha ya aina hiyo, yenye hadhira ya wazungu watupu au karibu watupu, na mwishoni mwa mwaka 2016 tamasha la vitabu la Abantu likaanza Soweto. Mimi nilikwenda nikilijua hilo, na nilikwenda kwa sababu nilitaka kujionea. Nililolipenda ni kwamba tamasha huchangisha fedha kwa ajili ya maktaba za shule za bonde, kwa hiyo kitabu hakiishii kwa wenye uwezo wa kununua tiketi.

Jumapili, kabla ya kurudi Cape Town, nilipita Pniel, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1843 kama misheni ya watu waliotoka utumwani. Watu walikuwa wakitoka kanisani. Nyumba nyingi zilikuwa na bustani, na mbele ya mojawapo kulikuwa na mzabibu mmoja tu uliotambaa juu ya baraza, umepogolewa vizuri na mtu anayejua kazi yake.

Nilimletea baba chupa moja ya Chenin blanc. Aliifungua jioni, akamimina kidogo katika kikombe cha chai, akanusa, akakaa kimya. Nikamwambia kwamba huko watu husema wanachokionja, nami nimeshika kalamu. Akanywa tena.

"Mzabibu huu ulikunywa maji mengi kuliko wetu," alisema, "na aliyevuna alivuna alfajiri, kabla jua halijawaka."

Niliandika hivyo hivyo alivyosema. Kisha akaniuliza kilo moja ya zabibu mkulima wa kule huuza kwa bei gani, nami katika siku tatu za kusikiliza sikuwa nimemuuliza mtu yeyote swali hilo. Limo sasa daftarini, mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata.