Kibanda cha Karibu na Choo

Kilichotufanya tutafute vibanda vya kambi badala ya hoteli ni idadi yetu. Tulikuwa watu tisa: mimi, mume wangu na watoto wetu watatu, mdogo wangu wa kiume na mkewe na mtoto wao, halafu mama, aliyekuwa amefika Ohio mwezi wa tano mwaka 2019 akitokea Nansio, Ukerewe. Hotelini chumba kimoja ni watu wanne, ukibembeleza watano, na kupika marufuku. Ukichukua vyumba viwili unapewa kimoja ghorofa ya kwanza na kingine ya tatu, mnabaki kuonana kwenye lifti. Na mama alikuja na dagaa. Dagaa wa Ukerewe, wamefungwa kwenye mifuko mitatu mmoja ndani ya mwingine, na bado sanduku zima lilinukia ziwa. Hakuna hoteli ya Marekani inayoweza kuvumilia dagaa wa kuunga.

Watoto walikuwa wanaililia Cedar Point, bustani ya michezo iliyo kwenye rasi ya Ziwa Erie, tangu wakati wa theluji. Ukiishi Columbus huwezi kuikwepa. Ni mwendo wa saa mbili na ushee kwenda kaskazini, mashamba ya mahindi na soya kushoto na kulia, mpaka barabara inakutana na Ziwa Erie pale Sandusky. Watu wanakwenda kustarehe kwenye rasi ile tangu 1870, zamani kwa ajili ya kuogelea, siku hizi kwa ajili ya rola kosta, zile treni zinazopandishwa taratibu hadi juu kabisa halafu zinaachiwa. Millennium Force, iliyofunguliwa mwaka 2000, inapanda mita 94. Mwanangu wa kati alikuwa amezikariri zote kwa majina, urefu na kasi, huku jedwali la kuzidisha likimshinda.

Basi Jumamosi moja mdogo wangu akaja na familia yake kutoka Cincinnati, tukala, vyombo vikatolewa, tukakaa kikao. Mume wangu ni mtu wa karatasi. Alikuwa ameandika kila kitu na kuchapisha ramani ya kila kambi.

Vibanda vilivyomo ndani ya eneo la Cedar Point lenyewe, pale karibu na mnara wa taa wa mwaka 1862, ndivyo vilivyopendwa na wote. Choo ndani, kiyoyozi, ziwa mlangoni, unatembea kwa miguu hadi kwenye michezo, na wageni wanaolala pale wanaingizwa kabla ya umati. Lakini kwa idadi yetu tungehitaji viwili, na bei ya kimoja tu kwa mwisho wa Juni ilimfanya mume wangu avue miwani. Tukavipitia haraka, tukaviacha.

Ikabaki kambi moja ya nje, dakika chache kwa gari, yenye vibanda vya aina mbili. Kuna vya kisasa vyenye bafu, choo na jiko dogo, na kuna vya kawaida: chumba kimoja cha mbao, kitanda kikubwa kimoja, dabodeka, balbu moja, soketi moja, kibaraza chenye benchi, na nje pete ya chuma ya kuwashia moto. Maji hakuna. Choo na bafu ni vya pamoja, kwenye jengo lake. Mashuka na mito unakuja navyo mwenyewe, unakuta magodoro matupu yaliyovikwa plastiki.

Mama alikuwa anasikiliza huku anachambua mchele. "Mama Neema," akaniita, "hivi mna nyumba hii yenye vyumba vyote hivi, halafu mnakwenda kulipa pesa mkalale kwenye kibanda?"

"Mama, ni mapumziko," mume wangu akajibu kwa adabu yote ya mkwe.

"Sawa, baba. Ila mashuka nitayakunja mimi."

Mdogo wangu alitaka hema kabisa. Mkewe akamwambia akalale huko na huyo aliyemshauri. Kibanda cha kisasa kilikuwa kimebaki kimoja, na kwenye ramani kilikuwa kule mwisho, jirani na barabara kuu. Tukafikiri tumepata dawa: mama na watoto wadogo walale kile chenye choo, sisi wengine tuchukue cha kawaida. Mama akaweka ungo chini. "Yaani nyie mkae kule mnacheka, mimi mnitenge huku kama mgonjwa wa ndui? Sitaki. Nionyesheni choo cha watu wote kiko wapi."

Mume wangu akamsogezea ramani. Mama hasomi ramani za kambi kila siku, lakini baada ya kuelezwa kipi ni kipi aliweka kidole kwenye vibanda viwili vilivyopakana, hatua kama thelathini kutoka jengo la vyoo. "Hivi hapa. Usiku ninaamka mara mbili, mara tatu. Sitaki kuamsha mtu anishike mkono."

Kikao kikaishia hapo. Sisi wengine tulikuwa tumekaa jioni nzima tukitazama picha za mapaa, maua na machela ya kulalia. Mpaka leo naona hiyo ndiyo njia sahihi ya kuchagua: kwanza ramani, picha baadaye. Picha haikuonyeshi choo kiko umbali gani, wala haikuonyeshi kwamba nyuma ya yale maua malori yanapita hadi alfajiri. Tukabuku viwili hivyo, siku za katikati ya wiki, kwa sababu bei inashuka na foleni za michezo zinapungua. Mdogo wangu akaomba likizo kazini.

Kufungasha kulikuwa kama kuhama. Mashuka, mito, sufuria mbili, mwiko, unga wa muhogo tulioununua duka la Waafrika la Morse Road, bamia, ndimu, maji, tochi. Mdogo wangu alikuwa amepanga kubeba na kuni kutoka kwake, nikamkatalia. Ohio kuni hazihamishwi ovyo. Kuna mbawakawa wa kijani aliyeingia kutoka Asia, akagunduliwa Michigan mwaka 2002 na kwetu mwaka uliofuata, anajificha chini ya gamba la mti na kusafiri na kuni za watu wa kambi namna hiyohiyo. Ameua mamilioni ya miti. Kwa hiyo kuni unanunua pale pale unapozichoma. Tulipofika mama akaona vijiti sita vimefungwa kwenye nailoni vina kibandiko cha bei, akavigeuza, akavirudisha, akavichukua tena akauliza ni dola ngapi, nikamwambia. Aliguna tu.

Vibanda vilikuwa vizuri, nisiseme uongo. Mbao za msonobari zilizopakwa vanishi, bado zinanukia ukizisogelea. Ukifungua mlango unakuta ukutani pametobolewa tobo dogo kwa kisu na mtu aliyetangulia, kando yake majina ya wapenzi na mwaka 2011. Dirisha moja lina wavu, lingine halifunguki. Watoto waligombania kitanda cha juu cha dabodeka hadi ikabidi baba yao apige kura kwa vijiti.

Mama aliwasha moto mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amekuja na kimiminika cha kuwashia, mama akamwambia akiweke mbali na chakula. Akapasua kijiti kimoja kwa kisu cha jikoni, akajenga kitu kidogo cha pembetatu, akapuliza. Ugali wa muhogo ukasongwa nje, dagaa wakaungwa kwa nyanya na ndimu, moshi ukaenda zake kwenye kambi yote. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani mwenye gari-nyumba refu, alikuja na sahani yake ya karatasi kuuliza ni nini kinanukia hivyo. Alipewa. Alikula dagaa watatu kwa uma, mmoja mmoja, akashukuru sana, hakuongeza.

Giza lilipoingia ndipo walipokuja.

Nilidhani ni mvua inaanza, vile vitu vilivyokuwa vinagonga bati. Kisha mmoja akatua kwenye mkono wangu: mwili mrefu mwembamba, mkia wa nyuzi mbili, mabawa yamesimama wima. Ndani ya robo saa taa kubwa ya jengo la vyoo ilikuwa haionekani. Wadudu wa ziwa. Mwisho wa Juni wanatoka kwenye tope la chini ya Ziwa Erie kwa mamilioni, wanaishi siku moja au mbili, wanataga, wanakufa. Mume wangu alifungua rada ya hali ya hewa kwenye simu, na pale juu ya ziwa palikuwa na doa kubwa la kijani, na mvua hakuna hata tone. Ni wadudu hao walioonekana hadi kwenye rada.

Kambi nzima watu walizima taa, magari-nyumba yakawa meusi moja baada ya jingine. Taa ya vyoo haizimwi usiku kucha, kwa usalama. Na sisi, kwa hekima ya kidole cha mama, tulikuwa hatua thelathini kutoka kwenye taa pekee iliyobaki inawaka. Wavu wa dirisha letu ulijaa mabawa hadi mwanga ukapungua ndani. Njia ya kwenda chooni ilikuwa inatoa mlio wa kukanyaga bisi. Wifi yangu alijifunika shuka akasema yeye hatoki mpaka asubuhi, hata itokee nini. Watoto nao wakakata shauri vivyo hivyo, na mdogo kuliko wote alikuwa amekunywa soda mbili.

"Nilisema tuchukue kule mwisho, gizani," mdogo wangu akaanza.

Mama alikuwa amesimama tayari. Khanga kichwani, ndala miguuni. "Njoo wewe," akamwambia yule mdogo, akamfunika na ncha ya khanga. "Hawa hawaumi. Kwetu mwezi ukiandama wanatoka ziwani hadi unadhani kuna mtu anachoma pori majini." Wakaenda, naona tu khanga inakatiza kwenye lile wingu. Waliporudi mtoto alikuwa anacheka, ana wadudu wawili kwenye nywele na hataki watolewe. Akamuuliza bibi yake kama Ukerewe wanaliwa. "Sisi hapana," mama akasema. "Ila wapo wanaowala."

Alikuwa sahihi kwamba hawaumi. Huyu wa Erie akishaota mabawa hana hata mdomo wa kulia. Watu wa Sandusky wanawalalamikia, wanawafagia kwa koleo, lakini ukiwasikiliza vizuri wanawaonea fahari pia, kwa sababu miaka ya hamsini ziwa lilipochafuka wadudu hawa walitoweka kabisa, na kurudi kwao miaka ya tisini kulikuwa dalili kwamba tope limeanza tena kupumua. Hilo nililisikia kesho yake kutoka kwa yule mzee wa gari-nyumba. Wakati huo mama alikuwa ameshafagia vibaraza vyetu viwili na cha mzee, na lundo lilikuwa linanuka samaki.

Cedar Point yenyewe sina mengi. Ni kelele, jua, foleni na limonadi ya bei mbaya. Kila mtoto anapimwa urefu na kufungwa utepe wa mkononi unaoonyesha anaruhusiwa kupanda nini. Millennium Force inataka sentimita 122, na mwanangu, yule aliyeikariri, alipungua vidole viwili. Alilia kilio cha mtu mzima, bila sauti. Bibi yake akamchukua wakapanda treni ya moshi, injini ya mvuke ya kweli inayozunguka bustani tangu miaka ya sitini. Mama aliipanda mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anamwelezea mtoto kuhusu treni ya Mwanza kwenda Dar es Salaam alipokuwa msichana, vituo vyote kwa mpangilio, na wapi waliuza kuku wa kukaanga dirishani, huku dereva wa Cedar Point akitangaza mambo yake kwenye kipaza sauti bila kusikilizwa na yeyote katika benchi lile.

Jioni mdogo wangu alinunua samaki mjini, wale wadogo wa Erie ambao Sandusky nzima wanawakaanga. Mama akamshika mmoja mkiani. "Hawa si ni kama furu tu wa kwetu?" Akawachoma, akala wanne.

Usiku wa pili upepo uligeuka na wadudu wakawa wachache. Tulikaa nje mpaka moto ukaisha.

Tukiwa njiani kurudi ubishi ulianza kabla hatujafika Bucyrus. Wifi yangu, kwa simu kutoka gari la nyuma, alitaka mwakani tuchukue vya kisasa vyote viwili. Mume wangu akamtajia bei. Mama akasema yeye hajali choo kiwe ndani au nje, mradi jiko liwe nje. Mwisho tukakubaliana kambi ileile, mstari wa pili, hatua sitini kutoka kwenye taa, na mama aje tena.

Tuliweka kianzio mwezi wa pili mwaka 2020. Korona ikafunga kila kitu, kambi ikaturudishia, na nilipompigia mama Nansio kumweleza kwamba safari haipo, aliuliza kama wamerudisha yote au wamekata.